Barua tuliyoiona bila kuisoma

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji wako wa Dar es Salaam aliyelalamika kwamba akiviandikia baruapepe vikundi vya wakulima huku mikoani hajibiwi. Akamalizia kwamba sisi viongozi wa vikundi ni wavivu, au hatujui kompyuta, au vyote viwili. Barua ile niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika hadi chai ikapoa. Mara ya pili nilijiuliza kama mtu yule amewahi kuingoja baruapepe ifunguke huku amesimama juu ya mzizi wa mwembe, mkono mmoja umeinua simu, mwingine unafukuza mbu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 19 tunaolima mwani hapa Mafia. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa posta kwa miaka 27. Nimepanga barua za watu, nimegonga mihuri, nimefungua mifuko ya lakiri iliyoteremshwa botini ikiwa imelowa maji ya chumvi. Kwa hiyo mtu akisema sijui thamani ya kujibu barua, amenigusa penye kidonda.

Ngoja nimsimulie jinsi barua inavyokosa majibu.

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024, jioni, mnunuzi wetu alituletea baruapepe. Kwenye orodha niliona jina lake na kichwa cha habari: bei mpya, jibu linatakiwa kabla ya Jumatano. Adhana ya Magharibi ilikuwa inakaribia, na bamvua la mwezi mwandamo, maji yanapokupwa sana, lilikuwa limetuweka majini siku nne mfululizo, mgongo wangu haukuwa wangu tena. Nikasema kesho. Kesho yake, Jumapili, nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zikakatika kule kusini, upande wa Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki na intaneti ya kuchechemea. Mimi habari hizo sikuwa nazo. Nilidhani bando limeisha, nikanunua jingine. Nimewauliza wenzangu, nao walifanya hivyo hivyo.

Orodha ilikuwa pale pale kwenye simu. Jina ninaliona, kichwa ninakiona, nikibofya, kiduara kinazunguka. Jumapili kinazunguka, Jumatatu kinazunguka, Jumanne nikaenda hadi karibu na gati, kinazunguka. Ilifunguka Alhamisi, mchana, nikiwa jikoni wala siifikirii. Ndani mlikuwa na mistari sita. Alitaka kujua tuna kilo ngapi za mwani mkavu ghalani na lini tunaweza kuzifikisha mjini Kilindoni. Kwisha. Alikuwa ameshachukua mzigo wa watu wengine. Magunia yetu 23 yakakaa ghalani hadi mwezi uliofuata, na mwani ukikaa hunyonya unyevu, rangi hubadilika, na bei unapangiwa.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukielewa baadaye. Mistari ile sita ingeweza kuingia kwenye kompyuta ya kikundi Jumamosi ile ile, dakika ile ile simu ilipolia, mtandao ukiwa bado mzima. Hakuna aliyekuwa ameiagiza kompyuta iichukue.

Wasomaji wa rika langu wanalijua sanduku la posta. Una ufunguo wako, unakwenda, unafungua, unachukua barua, unaondoka nazo. Posta ikifungwa, barua zako ziko nyumbani chini ya godoro. Sasa mfikirie mtu anayefungua sanduku, anaisoma barua amesimama pale pale, kisha anairudisha ndani, anafunga na kwenda zake. Akitaka kuisoma tena, safari upya. Mtu wa namna hiyo zamani tungemwombea dua. Lakini ndivyo wengi wetu tunavyosoma baruapepe kwenye kivinjari, kama Chrome. Hata barua uliyoisoma juzi, leo mtandao ukilala huna.

Sikukuu ya Kuchinja ya mwaka huo, katikati ya Juni, alikuja mtoto wa kaka yangu, ambaye kazi yake huko mjini ni kutunza seva za ofisi moja, yaani kompyuta zinazotunza barua na kazi za watu wengi. Akanikuta nalalamika. "Shikamoo shangazi, kwani barua zenu mnazisomea wapi?" Nikamwonyesha simu. Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha.

Akafungua kwanza kompyuta yake. Yeye anatumia kitu kinaitwa OfflineIMAP, kilichoanzishwa na Mmarekani John Goerzen mwaka 2002, na ni maandishi matupu kwenye kioo cheusi, hakuna pa kubofya. Unaandika faili moja ya maelekezo: seva iko wapi, folda za hapa nyumbani ziko wapi, zipi zisiletwe. Ukiamuru, programu inakwenda kwenye seva, inalinganisha pande mbili, inaleta kilichopungua huku na kupeleka kilichopungua kule. Mimi niliangalia kwa heshima tu, kama mtu anavyoangalia injini ya meli. Lakini kuna jambo moja nililielewa kuliko alivyotarajia.

Barua zake zinakaa kwa mtindo unaoitwa Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein. Kila barua ni faili yake peke yake, na kila sanduku lina vyumba vitatu. Barua inapoingia huandikwa kwanza kwenye chumba cha muda. Ikishakamilika ndipo inahamishiwa chumba cha barua mpya. Msomaji wake akishaiona, inakwenda chumba cha tatu. Nikamuuliza, na umeme ukikatika barua ikiwa nusu? Akasema nusu hiyo inabaki chumba cha muda, haitoki, na huwezi kuipokea ukidhani ni barua nzima. Mhariri, hiyo ni posta kabisa! Sisi tulikuwa na meza ya kupokelea, na barua haikuvuka kwenda kwenye masanduku mpaka mfuko mzima uhesabiwe na karatasi yake itiwe saini. Nilimwambia huyo Bernstein angefaa kuwa mkuu wa zamu.

"Hii mimi nimeizoea," akasema, "wewe nitakuwekea yenye vitufe." Akatoa flashi yenye Thunderbird, programu ya bure ya baruapepe iliyotoka toleo lake la kwanza mwaka 2004, akaisimika kwenye kompyuta ya kikundi. Ni kompyuta kuukuu tuliyopewa, betri yake haifiki saa moja, lakini ilikubali.

Nitaeleza tulichofanya, kwa sababu natumaini kuna makatibu wenzangu wanaosoma gazeti hili.

Kuna njia mbili za kuchukua barua kwenye seva. Ya kwanza, POP, ndiyo ile ya ufunguo na sanduku: unachukua, na kwa desturi yake ya zamani, seva inabaki tupu. Ya pili ni IMAP, aliyoianzisha Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986. Hii inaacha barua kwenye seva na kukupa nakala, kisha inahakikisha huku na kule kunafanana. Kwa kuwa mwenyekiti wetu anasoma barua zile zile kwenye simu yake, POP ingeweza kumnyang'anya, tukachukua IMAP. Wakati ule ilibidi kwanza tuiwashe kwenye mipangilio ya Gmail. Anwani ya seva na namba ya mlango, 993, Thunderbird iliijaza yenyewe nilipoandika anwani ya kikundi. Likaja dirisha la Google kuomba nywila, halafu tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu ya mwenyekiti, naye alikuwa shambani majini. Tukasubiri maji yajae. Hilo halimo kwenye maelekezo ya programu yoyote, lakini makatibu wenzangu, simu yenye namba ya akaunti iwe karibu siku hiyo.

Mwanangu huyo wa kaka alieleza pia kwamba tangu tarehe 30 Mei 2022 Google imezuia programu za kuingia kwa nywila ya kawaida peke yake. Thunderbird inapewa kibali, nywila haiioni. OfflineIMAP yake yeye anaifungulia kwa nywila maalumu ya herufi 16 aliyoitoa kwenye akaunti yake. Basi ukikuta maelekezo ya zamani yanayokuambia uandike nywila tu na uendelee, utahangaika bure mchana kutwa.

Kisha ndipo tukafika penyewe, kwenye ukurasa wa kusawazisha na kuhifadhi. Hapo unaiambia programu izitunze barua kwenye kompyuta hii, za siku ngapi nyuma, na kubwa kiasi gani ziachwe. Tulichagua siku 90. Kwa ukubwa, ilipendekeza iache kila inayozidi KB 50, tukaona ni ubahili, tukapandisha hadi KB 500. Folda tukachukua kikasha cha zinazoingia, zilizotumwa, na folda yetu ya wanunuzi. Ile ya Gmail inayokusanya barua zote tuliiacha nje. Mwanangu aliwahi kuisahau kwenye OfflineIMAP yake, kila barua ikamjia mara mbili, moja kutoka kikashani na moja kutoka kwenye mkusanyiko, na bando likaondoka kama maji kwenye pakacha.

Siku hiyo tulikwenda Kilindoni kwa shoga yangu ambaye nyumba yake inashika mtandao vizuri. Tukawasha, orodha ikajaa: barua 1,140 za miaka minne. Nikafurahi, nikafunga kompyuta, tukala pilau ya watu, tukarudi.

Nyumbani mwanangu akachomoa modemu inayotuletea mtandao, akaiweka mfukoni mwake. "Haya shangazi, soma." Nikabofya barua ya juu kabisa. Mahali pa maneno pakatokea tangazo kwamba mwili wa barua hii haujashushwa kutoka kwenye seva. Nikabofya ya pili, vile vile. Yaani nilikuwa nimebeba bahasha tupu 1,140 kutoka Kilindoni! Majina na vichwa vya habari hutangulia kwa sababu ni vyepesi, miili hufuata nyuma pole pole, na mimi nilikuwa nimefunga kompyuta msafara ukiwa bado njiani. Ni kosa lile lile la mwembeni, kuona jina ukadhani una barua.

Kesho yake tukarudi. Safari hii alitumia amri ya kushusha na kusawazisha sasa, tukachagua folda zetu, tukangoja mpaka ule mstari wa chini ukanyamaza. Tukachomoa modemu pale pale sebuleni kwa shoga, tukajaribu kabla ya kuaga. Zikafunguka. Ya mistari sita ilikuwemo. Niliisoma tena bila mtandao, na sikujua nicheke au nilie.

Tangu hapo mambo yangu yako hivi. Saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajaamka kutuma video za arusi, mtandao wetu huwa mwepesi. Nawasha modemu dakika nne, tano. Barua zinaingia, zilizoandikwa usiku zinatoka, nachomoa. Mchana nasoma nikipata nafasi, usiku naandika majibu kwenye kochi langu, na badala ya kutuma nachagua kutuma baadaye. Jibu linakaa kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutoka, na asubuhi programu inauliza kama izitume. Bando lililokuwa linakata roho Jumatano sasa linafika Jumapili. Na naandika vizuri zaidi. Zamani nilikuwa nikijibu kwa haraka, naogopa mtandao utaondoka katikati ya sentensi, na wanunuzi walipokea majibu yasiyo hata na salamu.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kila kitu kilinyooka. Tulipata mikasa miwili.

Wa kwanza ulikuwa wa weusi. Barua isiyosomwa huonekana kwa herufi nene, ikisomwa hukonda. Mwezi Agosti mwenyekiti akawa anafungua barua kwenye simu yake usiku, anasoma, analala. IMAP haipeleki barua tu, inapeleka na alama: imesomwa, imejibiwa, imetiwa nyota. Mimi asubuhi nakuta zote zimekonda, nadhani nilishazipitia. Mwaliko mmoja wa maonyesho ulitupita hivyo, kila mmoja akidhani mwenzake ameushughulikia. Tulikaa kikao, pakawa na maneno, kisha tukakubaliana: anayesoma kwanza aitie nyota kama inahitaji jibu, na anayejibu ndiye anayeiondoa. Nyota ya simuni inanifikia kwenye kompyuta alfajiri. Hakuna fundi aliyetufundisha hilo, lilitoka kwa Bi Mwenyekiti mwenyewe.

Wa pili ni kosa langu. Mwezi Desemba kompyuta ilikuwa nzito, nikaamua kuipunguzia mzigo. Nikafuta barua za mwaka 2021, kama 300. Moyoni nikasema hizi ni nakala tu, zenyewe ziko kwenye seva. Wiki tatu baadaye mwenyekiti ananipigia: "Bi Katibu, mkataba wetu wa kwanza siuoni, na risiti za kamba na taitai za kufungia mwani sizioni. Umeziweka wapi?" Nikahisi baridi. Nikampigia mwanangu usiku ule ule.

"Shangazi, ulizifuta au ulizificha?"

"Nilizifuta za hapa, za kwangu."

"Hakuna za kwako, shangazi. Ukifuta hapo, umefuta kote. Ziwahi kwenye pipa, Gmail huliteketeza baada ya siku 30."

Ilikuwa siku ya 22. Tulizirudisha. Neno lenyewe linasema, ila sikulisikiliza. Kusawazisha ni kazi ya mizani: ukiondoa upande huu, na ule unaondolewa mpaka walingane. Wengine wanasema kulandanisha, ni hiyo hiyo. Si kuweka akiba. Akiba nimeanza kuiweka kwa njia nyingine, kila mwisho wa mwezi naifunga programu, nanakili folda yake nzima kwenye flashi, na flashi inakaa kwa mwekahazina pamoja na kitabu cha benki. Na kompyuta sasa ina nywila ya kuiwashia, kwa sababu zamani mwizi angeiba chuma tu, leo angeondoka na barua zetu zote.

Sasa nirudi kwa msomaji wa Dar es Salaam, maana nina neno naye.

Nilisema kompyuta yetu inaacha kila barua inayozidi KB 500. Nimefuatilia tangu Januari ni barua za nani zinaachwa. Si za wanunuzi wala si za vikundi wenzetu. Ni za maofisi. Mtu anachapa barua ya ukurasa mmoja kwenye kompyuta, anaichapisha kwenye karatasi, anaipeleka kwa mkubwa ikapigwe muhuri, anairudisha kwenye skana, anaiskani kwa rangi zote, na kunitumia picha. Niliyoipima mwezi uliopita ilikuwa MB 9, na MB moja ni kama KB elfu moja. Na si 9 inayosafiri, kwa sababu kiambatisho kwenye baruapepe hugeuzwa kuwa herufi na hunenepa kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kilichobisha hodi kwangu ni kama MB 12. Ndani yake? Mistari 40. Mistari 40 ya herufi 70 ikichapwa ndani ya baruapepe yenyewe ni KB 3. Kwa ajili ya muhuri wa bluu nimebebeshwa mzigo mara elfu nne ya barua! Na mwili wa baruapepe hiyo ulisema: "Husika na kiambatisho."

Mimi mihuri naijua, nimeigonga maisha yangu yote. Siidharau. Lakini muhuri ulikuwa wa kuonyesha barua imepita wapi na lini. Haukuwa wa kuizuia isifike. Kama sheria inataka nakala yenye muhuri, itumeni, ila yale maneno yake myachape pia ndani ya barua, juu ya kiambatisho, ili yule aliye na dakika nne za mtandao alfajiri ajue anaitwa wapi na siku gani. Na mkiskani, skanini kwa nyeusi na nyeupe. Huo muhuri wa bluu tutaukisia.

Sijui barua za msomaji yule zilikuwa za namna gani. Nashuku.

Kuna na hawa wanaokuja kutufundisha. Mwaka juzi tulikaa siku tatu kwenye semina ya kompyuta kwa vikundi, na projekta, na jenereta, na soda. Tulifundishwa kufungua akaunti ya baruapepe, kuandika, kuambatisha picha. Yote yalifanyika mtandao ukiwa umewaka kwa ajili yetu, walikuja na kifaa chao. Siku ya nne wakaondoka nacho. Hakuna hata saa moja iliyotengwa kwa swali la mtandao usipokuwepo utafanyaje, wakati kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Hata Gmail yenyewe kwenye kivinjari cha Chrome ina mpangilio wa kusomea nje ya mtandao, unachagua siku 7, 30 au 90, na kwa asiyetaka kusimika programu nyingine ungemfaa. Nimeujua mwaka huu. Walimu wale bila shaka waliujua siku zote, ila mjini hauna maana, ndiyo maana haukuwa kwenye vitabu vyao.

Nimeshawawekea wenzangu wa vikundi viwili, kimoja cha nazi na kimoja cha wavuvi wa pweza. Flashi ni ile ile ya mwanangu. Wa pweza kompyuta yao haikukubali, ikabidi tuwekee kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye huwasomea jioni. Makatibu wengine wa hapa kisiwani wakitaka, waje siku zisizo za bamvua. Siku za bamvua niko majini.

Barua hii nimeiandika usiku wa Jumanne, modemu iko kabatini. Muda huu iko kwenye kisanduku cha zinazosubiri, na itatoka alfajiri nikijaliwa kuamka na mtandao ukijaliwa kuwepo. Ukiipata Ijumaa usishangae. Haina kiambatisho, na picha yangu uliyoomba safari iliyopita sikuituma, ina MB 4.

Wako,
Karani mstaafu wa posta,
Katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani,
Mafia.